Ng'ombe wa Dina

Jumapili, 1 Juni

Baridi. Mahubiri marefu. Nimesinzia kidogo, kwa heshima, macho wazi. Ujuzi huo nimeupata kwenye foleni ya maroli hapa Tunduma, si kila mtu anauweza.

Mchana akaja shemeji Moses, mwalimu wa hesabu, kaka wa mke wangu. Hakuja kula tu, ingawa alikula. Alikuja kutufundisha. Akasema ile kamisheni niliyopata kwa kumtafutia dereva mzigo wa Lubumbashi isikae nyumbani, maana hela ikikaa na mimi huwa inapata marafiki. Yunisi, mke wangu, akacheka mpaka akashika meza. Mimi sikuona kichekesho.

Hoja yenyewe ni Dina. Mtoto wetu wa pekee, kidato cha tatu, yuko bweni, anataka kusomea uhandisi wa barabara. Miaka minne si mingi. Mkopo wa serikali nao ni kama mvua ya mwezi huu, unasikia imenyesha kwa wengine. Moses akataja njia mbili: hatifungani za serikali, na mfuko wa pamoja, ambamo watu huweka kidogo kidogo, wanapewa vipande, na vipande vinakua. Nikamwuliza vinakua vinakula nini. Akanitazama kama mwanafunzi wa dawati la nyuma.

Mimi nimesoma mpaka kidato cha pili. Lakini kidato cha pili cha zamani! Kile ni sawa na digrii ya leo, tena na chenji inarudi. Neno lenyewe linajieleza: hati, halafu imefungwa. Hela yangu ifungwe kwa kosa gani?

Marehemu baba, kule Ihanda, alikuwa na njia yake. Kila mtoto akizaliwa alipandiwa mstari wake wa kahawa. Kulikuwa na mstari wa dada Atupele, na mstari wa Jonasi, yaani mimi. Ukichuma, unachuma ada yako. Ukizembea palizi, umezembea shule. Miezi kama hii kijiji kizima kilinuka maganda ya kahawa yaliyochacha, uchachu na utamu pamoja, mpaka nguo za kanisani zilinuka hivyo. Sijakutana na harufu ile popote, na nimefika nchi nne. Baba alikuwa akisema mali isiyokunywa maji si mali. Angeviona vipande vya Moses angevimwagia maji kwanza.

Nikawaambia nitafikiri. Moses akasema Jumamosi analeta fomu. Yunisi akasema vizuri. Wawili kwa mmoja. Ndugu wa tumbo moja hawafai kukaa meza moja.

Jumanne, 3 Juni

Yunisi anauza mchele sokoni, na leo Makene alileta magunia. Makene ni Msukuma wa bondeni kule Momba, mtu mrefu, ana mpunga na ana ng'ombe wasiohesabika. Nikampa salamu ya kwao, mwangaluka. Akafurahi, akaniuliza habari za nyumba, za watoto, za shamba, mpaka za mbwa wangu. Sina mbwa. Nikasema hajambo.

Tuliongea nyuma ya magunia wakati Yunisi anahudumia wateja. Mtamba, yaani jike ambaye bado hajazaa, ukimnunua leo, kesho kutwa ana ndama, na ndama naye si mjinga, anakua, anazaa. Nikapiga hesabu kwenye kiganja kwa kalamu. Dina akifika mlangoni mwa chuo kikuu, zizi letu litakuwa halionekani mwisho. Moses atakuja na ndoo kuomba maziwa. Nitampa. Mimi sina kinyongo. Lakini nitampa ndoo nusu.

Jioni nimekaa nje natazama foleni ya maroli. Nikakumbuka Dina akiwa mdogo. Nilimbeba mabegani tunatembea kuifuata foleni mpaka karibu na geti, naye anasoma namba za magari. Herufi zake za kwanza hakufundishwa na mwalimu yeyote, alizisoma kwenye matela. Alijua yetu, alijua ya Zambia, alijua ya Kongo, na akiona ya nchi asiyoijua ananipiga kichwani nisimame. Madereva wanampa biskuti. Wazambia wanamwita mukwai, kwa heshima, kama mama mtu mzima, naye anaitika kama mama mtu mzima. Siku moja akauliza kwa nini magari makubwa hivi yanalala njiani. Nikamwambia barabara ni nyembamba. Akasema basi yeye ataipanua. Alikuwa hana meno ya mbele.

Siku hizi nikimgusa begani anasema baba, watu wanatuona.

Atapata barabara yake. Nimeshikana mkono na Makene.

Alhamisi, 5 Juni. Ihanda, shambani kwa marehemu baba

Mambo yamekamilika! Naandika nimekaa kwenye kigoda cha baba, magoti yanagusa kidevu.

Jana nilimwambia Yunisi nafuatilia mzigo Mkwajuni. Nikashuka bondeni na Makene kwenye pikapu yake. Kule joto tu, kama Juni haijawafikia. Nikachagua mitamba wanne. Niliwapapasa mgongo na kuwafunua midomo, kama nilivyowahi kuona wanunuzi wakifanya. Makene akaniuliza natafuta nini mdomoni. Nikamwambia afya. Hatukuandikiana chochote. Makene alisema rafiki haandikiwi, tukashikana mikono, ikaisha. Ningependa Moses aone biashara ya wanaume.

Kibali cha kusafirisha mifugo nimekiruka. Kibali, halafu ushuru, halafu kumsubiri bwana mifugo amalize chai? Mtu wa mpakani hafundishwi njia. Tulipakia kwenye Fuso giza, tukapanda mlima kwa barabara ya vumbi, kunapambazuka tuko Ihanda, na hakuna aliyetuona. Isipokuwa Ihanda nzima.

Makene alinipa mwanawe Zabron aje awazoeze ng'ombe na baridi ya huku. Kijana wa maana! Kofia ya pama, buti mpya, fimbo iliyopakwa mafuta. Mpole, hata machoni hanitazami. Nilimkaribisha ndani akakataa, akasema buti zina matope, akala nje karibu na zizi. Adabu hiyo vijana wa Tunduma hawana.

Dada Atupele ndiye anayelitunza shamba. Alitoka jikoni akakuta ng'ombe wanashuka, akauliza hawa ni wa nini. Majirani walikuwa wamejaa kwenye ua. Nikapanda juu ya jiwe nikatangaza: "Hawa ni ng'ombe wa Dina!"

Dada akapiga vigelegele. Niliguswa. Sikujua kwamba anajali elimu kiasi hicho.

Akauliza kama ndio wote. Nikasema huu ni mwanzo, wengine watafuata. Vigelegele tena. Akauliza fungu la shangazi liko wapi. Nikajua anataka maziwa, nikamwambia achague mmoja, akachagua yule mwekundu. Kisha akamsogelea Zabron akamweleza kwamba bibi mtu angekuwa hai leo angestahili blanketi, ila sasa amebaki yeye tu badala ya bibi, na baridi ya Ihanda bila shaka kijana anaiona. Zabron akamhurumia, akavua shuka lake moja akamfunika mabega. Wanawake wakaimba. Nikanunua kreti nzima ya soda. Sijawahi kuona kijiji kinachopenda mifugo namna hii.

Jioni nimepita palipokuwa na mistari yetu. Sasa ni mahindi na migomba. Mstari wangu umebaki mashina machache, yamezeeka, yana kahawa chache nyekundu. Nimetafuna moja, nikatema mbegu. Zamani saa kama hizi baba alipita hapa mikono nyuma, akitamka majina yetu mti kwa mti, kama mwalimu anayeita mahudhurio. Atupele. Atupele. Jonasi. Jonasi. Ukiwa jikoni unasikia jina lako linakwenda mpaka mwisho wa shamba.

Na mimi nimewapa ng'ombe majina: Lami, Daraja, Kalavati na Mzani. Nimewaita mmoja mmoja. Mzani amegeuka.

Ijumaa, 6 Juni

Nimerudi Tunduma kifua mbele. Dina anafunga shule leo, nikapanga tangazo liwe mezani, mbele ya nyama.

Nikamkuta Yunisi hayuko sokoni. Amekaa mlangoni juu ya gunia. Kumbe dada Atupele amepiga simu asubuhi. Amempa pongezi. Ameuliza sherehe ni lini na vitenge vya sare ni rangi gani.

Yunisi aliniuliza jambo moja tu: "Baba Dina, umepokea ng'ombe wa mwanangu?"

Ni kweli nilikuwa nimewapokea, mwenyewe, kutoka kwenye Fuso. Nikasema ndiyo, wanne, na wengine watafuata. Akanirushia sado ya kupimia mchele. Imenipata begani.

Hapo ndipo akili iliponirudia. Kwetu Ihanda, ukisema ng'ombe wa binti, maana ni moja tu, tangu babu. Ng'ombe wa binti ni mahari. Hakuna ng'ombe wa binti wa kusomea. Kijana kaja na ng'ombe kutoka mbali, hanitazami machoni, hataki kuingia ndani, anakula nje kama mkwe. La shangazi limetolewa. Blanketi la bibi limetolewa. Soda nimenunua mimi. Nimemwoza mwanangu, bila kujua, kwa gharama zangu.

Nilieleza. Nikaeleza tena. Yunisi akauliza karatasi ya manunuzi iko wapi. Haipo. Akauliza mzigo wa Mkwajuni uko wapi. Haupo. Akauliza kamisheni iko wapi. Nikasema iko Ihanda, inakula majani. Hakucheka. Na hilo lilikuwa zuri, nimesikitika limepotea bure.

Dina kafika jioni na sanduku lake. Basi lilisimama Ihanda kupakia abiria, na wanawake wa kule walimtambua wakampa mkono dirishani, wakamwita bibi harusi. Amenipa shikamoo kwa sauti ya chini, akapita. Nyama imepoa.

Jumapili, 8 Juni

Jana Moses hakuleta fomu. Alileta uso. Akaongea na Yunisi uani, wakaacha kuongea nilipotokea. Akaondoka bila kula, na hapo nikajua hali ni mbaya.

Dina hali vizuri. Nimejaribu kila mbinu. Nimemwigizia yule afisa wa forodha mwenye chafya, ambaye zamani alimfanya acheke mpaka aanguke. Nimemwomba twende tukatazame maroli, kuna moja limekuja na namba ambayo hata mimi siijui. Akasema ana masomo.

Leo baada ya kanisa nimemkuta jikoni anachambua mchele. Nikakaa kwenye ndoo, nikaanza upya: ng'ombe nimenunua, ni kwa ajili ya chuo, ni zawadi. Hakuinua macho kwenye ungo.

"Baba, kama hela imeisha niambie tu," akasema. "Nitauza mchele na mama mpaka itimie, hata ikichukua miaka. Ila usinipeleke kwa watu halafu uniambie ni zawadi."

Mimi ninayejibishana na askari wa nchi mbili kwa lugha tano, nilikaa kwenye ile ndoo mpaka akamaliza mchele wote. Alikuwa anatoa vijiwe ambavyo havikuwepo.

Jumatatu, 9 Juni

Mgambo amekuja na pikipiki. Keshokutwa natakiwa ofisi ya kata, Ihanda, mbele ya afisa ustawi wa jamii, mama mmoja anaitwa Jenista. Shauri: kumwoza mwanafunzi. Nimeuliza kiungwana adhabu yake huwa nini. Mgambo akasema ni miaka, akanionyesha kwa vidole vyote mara tatu.

Nikajiona natoka gerezani mzee. Dina atakuwa ameshajenga barabara, na gari la magereza litanipitisha juu yake. Nitapunga mkono.

Aliyepeleka taarifa ni shemeji Moses. Nilimfuata kwake nimevaa koti, kwa ugomvi. Nikamwambia ndugu haendi ofisini kabla ya kuja nyumbani. Nikamwambia tangu ameoa dada... hapana, mimi ndiye niliyeoa dada yake, nilichanganya, hasira. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, taratibu, kama anaandika ubaoni:

"Shemeji, kama nimekosea nitakuomba radhi. Kama ningenyamaza halafu ikawa kweli, Dina ningemwomba radhi kwa maneno gani?"

Nikavua koti. Mkewe akaleta chai, nikanywa. Chai nzuri.

Makene simu haipatikani, bondeni mtandao ni wa kubahatisha. Nimempa ujumbe dereva wa gari la mpunga amfikishie: Zabron, aliyekwisharudi kwao, aje Ihanda haraka, kuna shauri la ng'ombe. Shahidi wangu ni yeye tu. Kile kibali nilichokiruka kingeandikwa wazi kwamba nimenunua. Sitaki kufikiria habari hiyo.

Jumatano, 11 Juni

Nina mengi.

Ofisi ya kata ilijaa mpaka dirishani. Mama Jenista ana sauti ndogo, na ndiyo inayotisha. Aliongea na Dina peke yake kwanza, mlango umefungwa. Mimi na Yunisi tulikaa benchi moja nje, katikati yetu nafasi ya mtu mwingine. Nikamwambia benchi hili ni kama la siku tuliyokwenda kuandikisha ndoa yetu. Akasema siku ile alikuwa na chaguo la kukimbia, hakulitumia. Lakini alilisema akitazama mbele na mdomo ukimcheza kidogo. Nimeishi na mdomo ule miaka mingi, naujua.

Shahidi wa kwanza dada Atupele. Alikuja amejifunika lile shuka la Zabron. Akasema kaka alitangaza juu ya jiwe, ni kweli. Akasema kaka alitoa la shangazi, ni kweli. Akasema kaka aliahidi wengine watafuata, ni kweli. Hakuna mtu aliyewahi kunimaliza kwa ukweli mtupu kiasi kile, tena akiamini ananisifu.

Nikasimama kujitetea. Nikaeleza kahawa ya baba, vipande, maji, mali. Mama Jenista akaniuliza kwa upole kwa nini mtu anayemnunulia mtoto ng'ombe wa shule anawasafirisha usiku. Watu wakaguna. Yunisi akafunga macho.

Hapo pikipiki ikalia nje. Zabron, amevaa ile pama yake, na nyuma yake mwanamke ana mtoto mgongoni, ameshuka kabla pikipiki haijasimama. Huyo ndiye Rosemary, mke wake. Ujumbe wangu ulifika bondeni, lakini njiani ulikuwa umenenepa: uliingia kwa Makene ukiwa unasema Zabron anatafutwa Ihanda alikoacha ng'ombe kwa binti wa shule. Rosemary hakuja kutoa ushahidi. Alikuja kufungua kesi yake.

Mama Jenista akamwomba Zabron aeleze. Zabron akatazama buti. Rosemary akamtangulia.

"Huyu aoe kwa kipi?" akauliza watu wote. "Ng'ombe wake walimalizikia kwa baba yangu. Mimi nilimgharimu mpaka wa mwisho. Hana hata kuku wa kupelekea posa."

Ofisi ikapasuka. Mtendaji wa kata alicheka mpaka akatoka nje. Ndipo Zabron, kwa sauti ya mtu anayeogopa pande mbili, akaeleza kwamba alitumwa na baba yake kuleta ng'ombe waliouzwa, kwamba alimwona mzee akilipa, kwamba hata jina la huyo binti amelisikia juu ya jiwe, na kwamba, kama haitakuwa vibaya, kule nyumbani mama yake anauliza shuka. Dada Atupele akalikaza mabegani.

Sikumtazama mama Jenista. Nilimtazama Dina, amesimama mlangoni. Alikuwa ameshika mdomo kwa mikono miwili. Halafu akakaa chini kabisa, kwenye sakafu ya ofisi, akacheka kile kicheko cha kuanguka. Alikuwa na miaka sita tena. Nikageukia ukutani, nikasoma tangazo la chanjo ya mbwa mara nyingi, mpaka macho yakakauka.

Tukaachiwa. Si bure. Faini ya kibali nalipa mimi. Mama Jenista akanionya kwamba siku nyingine nikitaka kumfanyia mtoto jambo kubwa, nianze kwa kumwambia mtoto. Nikasema ndiyo mama. Moses akaniomba radhi mbele ya watu, kwa sarufi nzuri. Nikamsamehe kwa sauti kubwa kuliko yake.

Tukiwa tunasubiri gari, Dina akaniomba nimwonyeshe hao ng'ombe. Tukaenda wawili. Nikamtajia: Lami, Daraja, Kalavati, Mzani. Akasema mzani hauwekwi baada ya kalavati, nikamwambia ndiyo maana unakwenda shule. Akanishika mkono kupita penye tope. Hakusema watu wanatuona, na walikuwa wanatuona, Ihanda nzima ilikuwa uzioni.

Jumamosi, 14 Juni

Mnadani. Amri ya Yunisi. Ng'ombe wa bondeni hawapendi baridi yetu, Daraja alikuwa anakohoa, wanunuzi wakasikia. Nikawaambia anasafisha koo. Bei ikashuka hata hivyo.

Nimeuza watatu. Dada Atupele amekataa kumtoa Kalavati, yule mwekundu. Nimemweleza mahari haikuwepo, harusi haikuwepo, bwana harusi ana mke mkali. Akasema hayo yote anayajua, lakini neno lilitoka juu ya jiwe mbele ya watu, na marehemu baba hakuwa mtu wa kurudisha neno. Akimtaja baba mimi huwa sina nguvu, na anajua. Nimemwachia. Amempa jina jipya, anamwita Mahari.

Jumatatu, 16 Juni

Tumekwenda wote kuweka kilichobaki kwenye ule mfuko wa pamoja, kwa jina la Dina. Moses alivaa tai. Dada wa kaunta alieleza vizuri, taratibu, na nitakuwa mkweli, nilielewa. Ni kama mstari wa kahawa, ila anapalilia mtu mwingine. Nikamwambia hivyo. Akasema hajawahi kusikia imeelezwa vile. Bila shaka.

Ikafika zamu yangu ya kusaini. Nikamkumbuka baba kwenye chama cha ushirika siku ya malipo, anabonyeza dole gumba kwenye wino, halafu anatembea mpaka nyumbani ameliinua, halifuti, ili tulione. Sisi tunamkimbilia barabarani. Dole la bluu lilikuwa na maana ya daftari mpya, sare, na mkate wa siagi. Nimesaini saini ndefu, yenye mikia yote. Dina alikuwa anachungulia juu ya bega langu. Akasema imekaa vizuri, baba.

Yunisi amesema kutoa hela kunahitaji saini mbili. Alilisema akinitazama.

Jumamosi, 21 Juni

Wiki tulivu. Nimeapa mbele ya mchungaji, Yunisi na Moses kwamba sitanunua tena mnyama mwenye kwato, wala kumfuga, wala kumsafirisha, wala kumtazama kwa nia. Kiapo ni kiapo.

Nyuki hana kwato.

Leo nimekutana na mtu wa Ikinga, ana mizinga kule milimani Ileje, asali yake nyeupe kama siagi. Vipande vya Moses vikue kule polepole, nyuki watamalizia huku. Nimelipa mizinga ya kuanzia kwa kamisheni ya jana. Nyuki anakunywa maji, nimeuliza.

Tena safari hii nimetafakari. Nimekaa kabisa, nikajiuliza kosa langu lilikuwa wapi, maana mtu mzima hujifunza. Nimeligundua. Kosa ni usiri. Nilifanya mambo gizani, mwenyewe hayupo, ndiyo maana maneno yakazaliwa. Sasa ni wazi wazi. Yule mtu wa Ikinga ana mpwa, kijana mtanashati, bado hajaoa, ana pikipiki mpya. Nimemwelekeza afike kesho wakati ibada inatoka, avae suti, asimame mbele ya waumini wote, na amkabidhi Dina mwenyewe, mkononi, ndoo ya kwanza ya asali. Nimemwambia apige goti kidogo, kwa heshima.

Hapo nani atakuwa na la kusema?